Angela Burdett-Coutts: utajiri wake ulitoka kwa nani?

Mwalimu_wa_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Leo niliwasimulia kidato cha tatu habari za Angela Burdett-Coutts, yule mama wa London aliyefungua Urania Cottage mwaka 1847 kwa kushirikiana na mwandishi Charles Dickens, nyumba ya kuwapokea wasichana waliotoka jela na mitaani. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hela alipewa na baba yake?" Nikakwama. Ninachojua, baba yake, Sir Francis Burdett, alikuwa mbunge aliyesumbuana na serikali mpaka akafungwa mwaka 1810. Nisaidieni, kesho ananisubiri.

Bi_Maktaba: Hapana mwalimu, zilitoka kwa mke wa pili wa babu yake mzaa mama, na habari hiyo huniuma kila nikiisoma. Babu huyo, Thomas Coutts, mwenye benki, kwanza alimwoa Susannah Starkie, yaya wa nyumbani kwa kaka yake. Mabinti zao watatu wote wakaolewa na wakubwa. Susannah alipofariki mwaka 1815, mzee, umri ukikaribia 80, akamwoa Harriot Mellon, mwigizaji wa jukwaani. Mabinti hawakumtaka kabisa. Watoto wa yaya hao! Mzee akafa mwaka 1822, mali yote akamwachia Harriot. Naye alipofariki mwaka 1837 akawaruka wote, akamrithisha Angela, kitinda mimba wa Sir Francis, mwenye miaka 23. Ni kama pauni milioni 1.8.

Mwambie binti na hili: wakati wa vita vya Crimea, Uingereza ikipigana na Urusi, Angela alimpelekea muuguzi Florence Nightingale mashine ya kukaushia nguo za wagonjwa kule hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki. Shuka mbichi kwenye kidonda, aliyewahi kuuguza anajua. Wengine walituma maombi tu.

Pwani_Yetu: Wosia wa Harriot ulikuwa na sharti: mrithi asiolewe na raia wa kigeni. Mwaka 1881 Angela, miaka 66, akaolewa na William Ashmead Bartlett, kijana wa miaka 29 aliyezaliwa Marekani. Dada yake Clara akadai haki yake, na Angela akapoteza sehemu tatu kati ya tano za mapato.

Mwalimu_wa_Zamu: Asanteni sana. Na huyo kijana, hela zilipopungua alibaki?

Bi_Maktaba: Alibaki mpaka bibi alipofariki Desemba 1906, na ukoo wa mkewe ndio aliouchukua: William Burdett-Coutts.