Naomba ushauri: nianze Akagi bila kujua mahjong?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza sehemu ya kwanza ya Kaiji, manga (katuni ya Kijapani) ya kamari ya Nobuyuki Fukumoto, na bado haijanitoka kichwani. Kilichoniteka ni ule mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi melini: kila mtu anapewa kadi 12 na nyota 3, kadi ukishaitumia hairudi, na ubao unaonyesha kadi ngapi za kila aina zimebaki. Mchezo wa watoto unageuka hesabu na kusomana nia. Utamu wote uko hapo, hata kuliko pesa zenyewe.

Sasa natamani Akagi, ya mwandishi huyohuyo, lakini mahjong, ule mchezo wa vigae unaochezwa humo, siijui kabisa. Na lile pambano na mpinzani wake Washizu, ambapo Akagi, mhusika mkuu, anaweka dau damu yake mwenyewe na vigae vingi ni vya kioo, limechukua sehemu kubwa ya juzuu 36! Mliosoma, mlijifunza sheria kwanza au mlizielewa humohumo?

Au nianze na Usogui, manga nyingine ya kamari, ya Toshio Sako? Ni juzuu 49, sitaki kuingia kichwakichwa. Nasikia ngumi ni nyingi. Je, michezo yenyewe inafuatilika, au mshindi anaokolewa na bahati tu?