Mashine ya kusaga plastiki au mtambo wa kutoa mafuta?

Mwanakombo_Nungwi: Assalamu alaykum. Kikundi chetu tuna fedha ya mashine moja tu. Wengine wanataka ya kusaga, tuuze vipande Dar. Wengine wanataka mtambo wa kugeuza plastiki kuwa mafuta. Muuzaji anataka arubuni wiki ijayo.

FundiMkunazini: Waalaykum salaam dada. Mnakusanya plastiki gani? Bila ya hilo hakuna wa kukushauri.

Mwanakombo_Nungwi: Mchanganyiko. Nyingi chupa za maji za mahotelini.

FundiMkunazini: Basi mafuta yasahau. Chupa hizo ni plastiki aina ya PET, zikipashwa moto bila hewa zinatoa unga wa asidi unaoganda na kuziba mabomba. Mtambo ule unataka madumu, vifuniko na kamba za mwani.

Shamis_Chake: Nimefanya kazi kwenye mtambo kama huo bara. Tajiri hakuwa anachambua. Siku moja yakaingia mabomba ya PVC, na PVC ikipata moto inatoa asidi ya haidrokloriki. Haikuchukua muda kipoozeo, kile kinachopoza mvuke uwe mafuta, kikaliwa, kikatoboka kwenye maungio, moshi ukatuchoma macho. Mafuta yakatoka meusi, yananuka. Tukayatia kwenye jenereta, likazima, nozeli zote zikafunguliwa. Kazi yenyewe ni kuchambua, mashine inafuata.

Ukweli_Mtupu: Mbona viwanda vya plastiki vya Ulaya vinayachukua mafuta hayo?

Shamis_Chake: Baada ya kuyasafisha, tena wanayachanganya kidogo kidogo na nafta, mafuta mepesi ya kutengenezea plastiki. Matanuri yao yanafika nyuzi 800 na zaidi, klorini kidogo tu, ile inayotoka kwenye PVC, inakula vyuma. Sisi tanuri hilo hatuna.

BiRukia_Mkoani: Kampuni ya Braskem ya Brazil wanatengeneza plastiki kwa ethanoli ya miwa tangu 2010. Hapa Unguja, Mahonda si kuna miwa?

FundiMkunazini: Bi Rukia, kiwanda kile kilijengwa kwa tani 200,000 kwa mwaka. Miwa ya Mahonda haitutoshi hata kwa sukari. Na plastiki yenyewe ni polithini ile ile, ufukweni haiozi.

BiRukia_Mkoani: Lakini haianzi na mafuta ya ardhini. Hilo nitalitetea.

Ukweli_Mtupu: Mifuko ya plastiki sisi Zanzibar tuliipiga marufuku miaka mingi kabla ya bara, wao 2019. Chupa nazo zingefuata.

BiRukia_Mkoani: Na watalii wanywe nini mwanangu?

Mwanakombo_Nungwi: Nimempigia muuzaji, anasema mtambo wake unakula kila kitu.

Shamis_Chake: Auwashe mbele yenu, kwa chupa zenu. Akikataa, msitoe hata shilingi.

Mwanakombo_Nungwi: Nitamwambia. Na ya kusaga je, itavuta kwa umeme wa fezi moja, huu wa majumbani?

FundiMkunazini: Fezi moja? Hilo ungelisema mwanzo. Mota yake ya nguvu gani?