Kompyuta yangu imefomatiwa mara tatu Kisumu, na hakuna fundi aliyeisoma skrini ya buluu

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Ndani ya wiki tano kompyuta yangu ya mezani imepelekwa mara tatu katika duka moja la ukarabati katikati ya mji wa Kisumu, mara tatu ikafomatiwa, yaani diski ikafutwa na Windows ikawekwa upya, mara tatu nikatozwa shilingi 1,500, na mara tatu ikarudi nyumbani Mamboleo na ugonjwa ule ule: nikiandika barua au nikifungua hesabu, skrini inageuka buluu ghafla, kisha mashine inajizima na kujiwasha upya.

Mara ya kwanza niliambiwa ni virusi. Mara ya pili fundi alisema Windows haikuwekwa vizuri, ilhali ni yeye mwenyewe aliyeiweka siku nne kabla. Mara ya tatu lawama ziliangukia stima, nikauziwa stabilaiza ya shilingi 3,500. Sikatai kwamba stima yetu hupanda na kushuka, hasa jioni za mvua ya radi kando ya ziwa, na kinga si kitu kibaya. Lakini hakuna aliyepima umeme huo, hakuna aliyefungua kasha mbele yangu, wala hakuna aliyeniuliza skrini ile ilikuwa imeandika nini.

Nayo iliandika. Nimeipiga picha kwa simu mara sita: katika picha nne msimbo ni MEMORY_MANAGEMENT, na katika mbili ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Najua kwamba misimbo hiyo haithibitishi peke yake kuwa ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imeharibika, kwa sababu draiva mbovu, ile programu inayoendesha kifaa, nayo inaweza kuileta, na sikutarajia fundi akate shauri kwa kuitazama tu. Nilitarajia aitazame. Tena, kompyuta iliyofutwa yote, ikawekewa Windows mpya bila programu nyingine, kisha ikaanguka baada ya siku mbili kwa msimbo ule ule, inamwelekeza fundi yeyote kwenye vifaa vyenyewe. Kuifomati tena baada ya hapo ni kumtoza mteja kwa dawa iliyokwisha kushindwa.

Hatimaye kazi hiyo niliifanya mwenyewe, mimi ambaye sikusomea ufundi. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu: niliandika mdsched katika sehemu ya kutafutia, mashine ikajiwasha upya, ikajipima, na ikatoa taarifa kwamba kuna hitilafu ya kifaa. Nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, nikatoa kipande kimoja cha ramu kati ya viwili vilivyomo. Kwa kile kilichobaki niliendesha MemTest86, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi usiku kucha, na hakukuwa na kosa hata moja. Nilipoweka kile kingine peke yake, makosa yalianza kujitokeza baada ya dakika chache. Nikakihamishia kwenye nafasi ya mwenzake, kwa kuwa huenda ubaya ulikuwa katika nafasi yenyewe kwenye ubao mama. Makosa yakahama pamoja nacho. Basi ndicho kibovu. Kipande cha kukibadilisha kimenigharimu shilingi 1,800, na leo ni siku ya kumi na moja bila skrini ya buluu.

Pesa zinaniuma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Nilipoiacha mashine mara ya pili nilimwambia fundi waziwazi kwamba kuna mafaili nisiyotaka yaguswe, naye akanijibu, "Mama, usijali, D iko salama." Haikuwa salama. Aliifuta diski yote pamoja na sehemu hiyo ya D, iliyokuwa na hesabu za miaka mitatu za chama chetu cha akina mama na picha za marehemu baba nilizozipitisha kwenye skana moja baada ya nyingine. Kufomati kwa haraka hakuondoi data ya diski kama yangu papo hapo, na programu za kurejesha mafaili zinaweza kuipata ikiwa hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Yeye alikwisha kuandika juu yake Windows mbili. Nimepata sehemu ya picha. Faili la hesabu limerudi lakini halifunguki, na Jumapili ijayo nitasimama mbele ya wanachama bila daftari.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidi huduma hizo. Mimi sikupewa hata neno moja la taarifa kabla ya diski yangu kufutwa. Nadai nirudishiwe gharama ya kufomati mara ya pili na ya tatu, shilingi 3,000, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu ni nani aliyeamua kuifuta sehemu ya D.

Kipande kibovu nimekitia katika bahasha pamoja na risiti tatu na picha sita za skrini. Jumatatu asubuhi nitakuwa kaunta. Ikiwa nawe umefomatiwa kompyuta hapa mjini bila kuulizwa lolote, tafadhali andika hapa chini ilikuwa ikianguka kwa msimbo gani na ulilipa kiasi gani, ili nisiende na kisa changu pekee.