Kupima floraidi ya visima: kolorimita au elektrodi?

KisimaUsa
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu cha maji hapa Usa River kimechanga hela ya kifaa kimoja cha kupima floraidi. Tuna visima sita na mtambo mdogo wa mkaa wa mifupa wa kupunguza floraidi. Tumebakiwa na mawili: kolorimita (kifaa cha kusoma rangi) ya SPADNS, ile dawa ya rangi inayofifia kwenye floraidi, au elektrodi ya floraidi (kijiti kinachotumbukizwa kwenye maji) na mita yake inayosoma milivolti. Kolorimita ni nafuu. Lakini meno ya watoto wetu yanageuka kahawia kwa floraidi, sitaki tukosee.

Mkemia_Moshi
Chukua elektrodi, mkuu. SPADNS inasoma mpaka miligramu 2 tu kwa lita. Kisima chenye 9 utakizimua mara kumi, na kosa la 0.1 kwenye kusoma linageuka karibu 1 kwenye jibu. Elektrodi inasoma 0.5 na 20 bila kuzimua.

DadaMaabara
Napingana kidogo. Maji yaliyopita kwenye mkaa unaofanya kazi vizuri huwa chini ya 2, huzimui kitu, na swali lako kubwa ni kama yamevuka 1.5, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Hapo kolorimita inatosha. Ila usiiamini kwa maji yaliyosafishwa kwa shabu: aluminiamu iliyobaki inapunguza usomaji, unadhani maji ni salama kumbe sivyo. Halafu kitendanishi (dawa ya kupimia) cha zamani cha SPADNS kina aseniki, ambayo ni sumu, kisimwagwe kwenye karo. SPADNS 2 haina.

Mkemia_Moshi
Hilo la shabu ni kweli, dada. Kwa elektrodi kuna TISAB, dawa ya maji unayochanganya na sampuli: inaweka pH kwenye 5 na kitu, na inaifanya aluminiamu iiachie floraidi. Wengi wananunua elektrodi na kusahau TISAB, kisha wanalalamika namba zinaruka.

Kila asubuhi pima viwango, yaani maji yenye floraidi unayoijua, ya miligramu 1 na 10 kwa lita. Kwenye nyuzi 25 tofauti iwe kama milivolti 59. Ikishuka chini ya 54, shughulikia elektrodi kwanza. Sampuli na viwango viwe na joto moja, maji ya alfajiri yaache kwanza ubaridi uishe. Ukichora milivolti na floraidi kwenye Excel, mhimili wa floraidi uwe wa logi, la sivyo hupati mstari ulionyooka.

KisimaUsa
Asanteni sana. Visima vyetu viwili vinapita 5, basi elektrodi na TISAB. Chupa za sampuli ziwe za kioo?

DadaMaabara
Plastiki, kaka. Na bika (vikombe vya maabara) pia.