Mashine ya mtetemo kwa aliyepata kiharusi: inatibu au inaliwaza tu?

Binti wa Mzee

Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu alipata kiharusi miezi saba iliyopita na upande wake wa kushoto ukadhoofika. Sasa anatembea kwa mkongojo, ila kisigino cha kushoto hakitui vizuri, na vidole huburuta sakafuni kiasi kwamba kiatu cha mguu huo kimelika ncha hadi soli imeachia. Kituoni tunakompeleka kwa mazoezi wameanza kumsimamisha juu ya mashine inayotetema, dakika moja moja, mara tano. Akishuka husema mguu umekuwa mwepesi, na mimi mwenyewe nakiona kisigino kikitua. Lakini ikifika jioni mguu umekaza kama zamani. Naomba kujua kama hapo kuna tiba, au tunapoteza muda ambao angeutumia kujifunza kutembea.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Pole kwa kuuguza, dada. Ulichokiona ni cha kweli. Mashine hizo kwa kawaida hutetema mara 20 hadi 40 kwa sekunde, kwa kimo cha milimita chache tu, na kila mtetemo huivuta misuli kidogo na kuiachia. Vihisio vilivyomo ndani ya misuli hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao huiamuru misuli ijikaze bila mtu kukusudia. Utauliza, basi mbona mguu uliokakamaa hulegea? Ni kwa kuwa mtetemo ukiendelea, njia hiyohiyo ya taarifa hufifishwa kwa muda, na misuli ya nyuma ya mguu huacha kuushindilia wayo chini. Athari hiyo hupita, kama ulivyoona.

Kuhusu kutembea na kusimama imara baada ya kiharusi, matokeo ya tafiti yanapingana, tena nyingi zilihusisha watu wachache na kila moja ilitumia vipimo vyake vya mtetemo. Kwa hiyo mimi nauona mtetemo kuwa maandalizi, wala siuhesabu kuwa tiba inayojitegemea. Baba akishuka asiketi: anyooshwe kifundo cha mguu hapohapo, kisha afanye mazoezi ya hatua wakati kisigino bado kinatua. Akiwa juu ya mashine akunje magoti kidogo, kwani magoti yaliyonyooka hupitisha mtetemo hadi kichwani.

Kabla ya kuendelea, hakikisheni daktari wake ameruhusu. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, mvunjiko wa mfupa ambao haujapona, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, au mawe ya figo au nyongo hapandishwi bila idhini hiyo.

Mlezi wa mama

Mama yangu ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili, na swali lako nililibeba mwaka mzima. Daktari Charcot wa Paris aliona wagonjwa wa Parkinson wakipata nafuu baada ya safari ndefu za treni au gari la farasi, akatengeneza kiti kinachotetema na kueleza habari zake mwaka 1892. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha waliokaa kwenye kiti cha namna hiyo na waliokaa kwenye kiti kilichotulia. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Mama bado anaupenda mtetemo nami simzuii, ila muda wake mwingi tumeuhamishia kwenye kutembea na kuinuka kitini.

Binti wa Mzee

Asanteni sana. Nakiri kwamba baba akishuka tulikuwa tunamkalisha apumzike, na ndipo ule wepesi ulipokuwa ukiishia. Je, nitajuaje kama anapiga hatua ya kweli, wala si nafuu ya saa chache?

Mtaalamu wa fiziotherapia

Tumia saa kupima muda anaotumia kutembea meta 10, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajapanda mashine, akiwa na mkongojo na viatu vilevile. Ukipima mara tu anaposhuka utakuwa unapima ule ulegevu wa muda. Mtu awe kando yake kila unapopima.

Binti wa Mzee

Nimepima leo asubuhi kwenye ukumbi, kaka yangu akiwa kando yake. Ametumia sekunde 41, na vidole vimeburuta mara sita. Nimeandika vyote viwili.