Hati za Muungano 1964, nazipata wapi mtandaoni zile zenyewe?

Mtoto wa Gerezani:
Wakuu salaam. Hapa ofisini kuna ubishi tangu juzi, mmoja anasema mambo ya Muungano (yale yanayoshikwa na serikali ya pamoja ya Tanganyika na Zanzibar) ni 11 mwingine anaapa ni 22, nimechoka nikasema ngoja nikasome mwenyewe walichosaini Nyerere na Karume yaishe. Sasa kila nikigugo naletewa ile picha ya Mwalimu anachanganya udongo na makala za watu wakilumbana, au PDF imechapwa upya hata hujui nani kaichapa na kaongeza nini. Nataka maneno yenyewe. Kuna maktaba ya mtandaoni inayoaminika? Natumia simu tu, mafaili makubwa mnihurumie.

Wakili Msomi Nusu:
Mkuu usitafute karatasi, tafuta sheria. Hati ilisainiwa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, siku chache baadaye Bunge la Tanganyika likairidhia kwa Sheria Na. 22 ya 1964, na maneno ya hati yamebandikwa mlemle kwenye sheria kama nyongeza. Kwa hiyo ukiipata sheria umeipata hati. Anza na TanzLII, ile tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania, halafu gazettes.africa wana magazeti ya serikali ya zamani (yale ya kutangazia sheria, sio ya habari) yameskaniwa, ila usitafute kwa neno Muungano utaletewa takataka zote za dunia, tafuta kwa namba ya sheria na mwaka. Na ujue imeandikwa Kiingereza, andika "Articles of Union".

Mtoto wa Gerezani:
Asante mkuu. Na 11 au 22?

Wakili Msomi Nusu:
Wote wako sawa ndo maana hawaishi kubishana. Wa 11 anasoma ya 1964, wa 22 anasoma Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Ukiipata hati nenda kifungu cha nne, orodha ni fupi tu, mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato na ushuru, bandari, posta na simu na kadhalika. Sasa angalia ambavyo HAVIMO. Sarafu haimo, maana 1964 tulikuwa bado tunatumia shilingi ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Uganda, Benki Kuu yetu imefunguliwa 1966. Mafuta na gesi nayo hayamo, yameingizwa baadaye, na hapo ndo kelele nyingi zinapotoka. Mi nashauri zifungue zote mbili uweke tiki moja moja, utaona mwenyewe kipi kiliongezwa bila kusimuliwa na mtu wa chama chochote.

Binti Malindi:
Aleikum salaam ndugu zangu. Mnaongea kama hati ni ya upande mmoja. Hati yenyewe inasema iridhiwe na Bunge la Tanganyika NA Baraza la Mapinduzi la Zanzibar pamoja na baraza lake la mawaziri. Sheria ya Tanganyika hiyo imeonekana, ya kwetu je? Serikali inasema ilipitishwa, wengine huku wanasema haikupita, na hichi kitu kimebishaniwa miaka na miaka mpaka 2014 wakati wa Bunge Maalum la Katiba ikabidi serikali iitoe hati waandishi waione. Kwa hiyo ukikuta PDF ya upande wa Zanzibar uliza kwanza imetoka gazeti gani la serikali, la tarehe gani. Haina namba, iweke pembeni.

Halafu ukitaka kujua Zanzibar iliingia ikiwa nani soma na ya nyuma. Kwenye legislation.gov.uk kuna sheria ya Uingereza ya Zanzibar ya 1963 na ya uhuru wa Tanganyika ya 1961, zifungue pamoja uone vichwa vyake, ya Tanganyika inataja uhuru, ya Zanzibar inaitwa Zanzibar Act basi. Sababu sisi tulikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Muingereza, hatukuwa koloni.

Kipanga:
Binti Malindi umenena. Niongeze Umoja wa Mataifa, kwenye orodha yao ya wanachama kuna maelezo mafupi, Tanganyika iliingia 14 Desemba 1961, Zanzibar 16 Desemba 1963, halafu baada ya Muungano viti viwili vikawa kimoja. Yaani Zanzibar ilikaa UN miezi minne na ushee tu! Kwa mwenye simu nashauri pia Hansard ya zamani ya Bunge la Uingereza, yaani kumbukumbu za mijadala yao, ni maandishi sio picha, hailambi bando, humo wanajadili miswada yote miwili, ya Tanganyika na ya Zanzibar.

Mtoto wa Gerezani:
Nimeipata wakuu!! Kifungu cha sita kimenichekesha, rais wa kwanza ametajwa kwa jina kabisa, "Mwalimu Julius K. Nyerere", hati ya mkataba wa nchi mbili na bado wameandika Mwalimu 😂 Ila mbona inasema ndani ya mwaka mmoja liitwe bunge la kutunga katiba, na katiba ni ya 1977?

Wakili Msomi Nusu:
Ule mwaka ulisogezwa mbele kwa sheria 1965, ndo ikaja Katiba ya Muda, tukakaa nayo hadi 77. Itafute palepale TanzLII kwa mwaka. Na huo ubishi wenu wa ofisini ndo kwanza unaanza.

Mtoto wa Gerezani:
Naprinti kifungu cha nne nakibandika juu ya mashine ya chai.