Naomba ushauri: modeli ya manowari ya Kijapani isiyoundwa, nichague Na. 13 au "Super Yamato"?

JahaziLaShiti (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nataka kuunda modeli ya manowari ya Kijapani iliyoishia kwenye karatasi, kipimo cha 1/700, kwa shiti za plastiki tangu mkuku mpaka mlingoti. Nimebaki na mbili: Na. 13 ya mpango wa mwaka 1920, na A-150 ambayo watu huiita "Super Yamato", kwa kuilinganisha na Yamato, manowari kubwa ya Japani iliyojengwa kweli. Nahitaji vipimo vya kuaminika, makosa ya kuepuka, na maneno machache ya kibao cha maelezo: kwa nini Japani ilitaka meli kubwa namna hiyo? Natanguliza shukrani.

TeziNaOmo
Mkuu, A-150 iache. Kinachojulikana kwa uhakika ni kidogo: mizinga 6 ya mm 510 katika minara mitatu, na meli mbili zilizopewa namba 798 na 799. Nyaraka zake karibu zote ziliteketezwa vita vilipoisha 1945. Michoro unayoiona leo ni umbo la Yamato lililobadilishwa minara na mashabiki. Ukiifuata, unaunda dhana ya mtu mwingine.

Na. 13 angalau ina takwimu. Ilisanifiwa na mhandisi wa meli Hiraga Yuzuru: tani 47,500, mizinga 8 ya mm 457 katika minara minne ya miwili miwili, deraya (bamba la chuma la kinga) ya ubavuni mm 330 iliyolazwa nyuzi 15, mwendo noti 30. Urefu wote m 274.4, upana m 30.8, sehemu iliyo ndani ya maji m 9.8. Gawa kwa 700: mm 392, mm 44 na mm 14.

Hapo kwenye urefu ndipo wengi huharibu. Kuna urefu wote, omo hadi tezi, na kuna urefu wa kati ya nguzo za usanifu (mistari miwili ya wima ya mbele na nyuma ambayo wasanifu hupimia), ambao kwa meli hii ni m 259.1, yaani mm 370. Tofauti ni mm 22. Ukichukua 370 ukadhani ndio urefu wote, halafu upana ukabaki 44, unapata meli nene iliyopoteza wembamba wake, na wembamba ndio ungesaidia kuipa noti 30. Andika vipimo vyote viwili kwenye mchoro kabla hujashika kisu.

Mataruma
Naongezea upande wa kazi. Mkuku kata kwenye shiti ya mm 1.5. Mataruma shiti ya mm 1, kila baada ya mm 20 katikati, lakini kila baada ya mm 10 kwenye omo na tezi maana huko mbavu zinapinda haraka. Ngozi ya nje mm 0.5. Ukitumia mm 0.25 kwa kutaka wepesi wa kukunja, ngozi itabonyea kati ya taruma na taruma, na baada ya kupaka rangi mbavu zote zitahesabika kwa macho.

Gundi ni ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki. Ipake kidogo kwa brashi, na usifunge bodi kabisa: toboa tundu la mm 2 chini ya kila chumba. Mvuke wa gundi ukikwama ndani unaendelea kulainisha plastiki, na baada ya wiki chache ubavu unajikunja. Puti nayo iwe tabaka jembamba, iache ikauke usiku kucha, kisha msasa namba 400 wenye maji. Puti nene hunywea na kuacha shimo palepale ulipoziba.

Mizani
Kuhusu kibao. Anza na hesabu, maana mkakati wote ulisimama juu yake. Baada ya kuwashinda Warusi baharini huko Tsushima mwaka 1905, makamanda wa Japani waliamini vita vya baharini vitaamuliwa na pambano moja kubwa karibu na maji yao. Waliona anayekuja kushambulia kutoka mbali anahitaji nguvu mara 1.5 ya anayelinda. Japani ikiwa na asilimia 70 ya nguvu za majini za Marekani, adui anakuwa na mara 1.43: hafiki. Ikiwa na asilimia 60, anakuwa na 1.67: anapita. Ndiyo maana asilimia kumi zile ziliwagawa hata maadmirali wenyewe. Kato Tomosaburo, waziri wa jeshi la majini, alikubali 60 kwenye mkutano wa Washington wa kupunguza manowari; Kato Kanji, mshauri kwenye ujumbe huohuo, aliipinga kwa nguvu zote. Mkataba ulisainiwa tarehe 6 Februari 1922, na Na. 13 hadi 16 zikafutwa kabla hata ya kupewa majina. Kwa hiyo usiandike jina lolote kwenye kibao. Yanayozunguka ni ya kubuni.

Mpango wenyewe ulikuwa manowari 8 za vita na 8 za kasi, wakati bajeti ya jeshi la majini ilikuwa imekaribia theluthi ya matumizi ya serikali. Kato Tomosaburo alijua nchi isingeweza kushindana na viwanda vya Marekani. Kwangu huo ndio ukweli mzito zaidi katika habari hii yote.

TeziNaOmo
Mizani kasema vizuri. Niongeze kilichotokea kwa meli nyingine za mpango huo ambazo bodi zake zilikwisha anza kujengwa. Manowari Tosa ilishushwa majini Desemba 1921, ikafanywa shabaha mwaka 1924. Kombora la mm 410 lilianguka kama m 25 kabla ya kuifikia, likapita chini ya maji na kutoboa ubavu. Wajapani wakasanifu makombora mapya kwa ajili ya kurudia jambo hilo kwa makusudi. Amagi, iliyokuwa igeuzwe meli ya kubeba ndege, iliharibiwa huko Yokosuka na tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, nafasi yake ikachukuliwa na Kaga, pacha wa Tosa. Akagi, pacha wa Amagi, nayo ikawa meli ya kubeba ndege, na ni hiyo iliyoongoza mashambulizi ya Bahari ya Hindi Aprili 1942 yaliyowafanya Waingereza warudishe meli zao Kilindini, Mombasa.

JahaziLaShiti (mleta uzi)
Nimeamua: Na. 13. Swali la mwisho, mizinga na mlingoti?

Mataruma
Mzinga ni wa kaliba 45, yaani urefu wake ni mara 45 ya kipenyo cha tundu: 45 × 457 mm ni m 20.6, sawa na mm 29.4 kwenye modeli. Lakini usiache zote 29 zionekane, sehemu ya nyuma imo ndani ya mnara. Tumia bomba la shaba badala ya plastiki, plastiki nyembamba hupinda kwa joto.

Mlingoti usiweke ule mrundo wa majukwaa wa Nagato (manowari ya Kijapani iliyokamilika 1920) ya miaka ya 1930, huo ulitokana na matengenezo ya baadaye. Fuata Nagato ya 1920: nguzo nene katikati na miguu sita kuizunguka. Mizinga midogo ya mm 25 ya kutungulia ndege iondoe kabisa, ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Na sitaha ni ya mbao, usipake kahawia ya linoliamu yenye mistari ya shaba, hiyo ni ya kruza na meli ndogo za torpedo. Paka sitaha kwanza, ifunike kwa utepe, kisha kijivu cha ubavuni.